Ekrani zote ao moja tu?

Wandugu, Remote Desktop ya Windows iko na kasanduku ka kutumia ekrani zote. Tangu Windows 7, mwaka 2009, kila ekrani inabaki ekrani yake. Mbele ya hapo picha moja ndefu ilinyooshwa kote. Hapo tunawasifu.

Kasoro ni hii: kasanduku kanajua zote ao moja tu. Uko na mashini na ekrani mbili za nje, unataka mbili za kazi, ya tatu ya WhatsApp yako? Njia iko, lakini wameificha: unahifadhi faili ya .rdp, unaifungua na Notepad, unaandika use multimon:i:1 na selectedmonitors:s:0,1. Namba za ekrani zinaonekana kwa mstsc /l. Nani atajua hayo peke yake?

Tena, ekrani mingi inakula mega mingi. Umeme ukikatika, za nje zinazimika, na modemu pia. Kazi uliyofungua kule haipotei, unaikuta ukirudi, lakini boss anakungojea. Kwa hiyo mshahara wa kwanza ununue betri ya modemu. Ekrani ya tatu ingojee.