Sabufa ya bei nafuu katika sebule ya Nyamisangura

Sabufa inayouzwa katika maduka ya Tanzania ni seti nzima: sanduku moja la besi lenye amplifaya ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, tatu au tano zinazounganishwa kwa waya. Kwa kaya nyingi za kata ya Nyamisangura, mjini Tarime, hiyo ndiyo sinema ya nyumbani. Seti inayovushwa mpakani Sirari kutoka Kenya haihitaji kubadilishiwa umeme, kwa kuwa volti 240 za huko na 230 za Tanesco hazina tofauti ya maana, na plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Haja ya sabufa imeongezwa na runinga bapa. Umbo lake jembamba halina nafasi ya spika ya maana. Spika zilizomo ni ndogo, zimetazama chini au nyuma, na maneno ya mtangazaji hupotelea ukutani kabla ya kumfikia msikilizaji.

Namba inayomvuta mnunuzi kwanza ndiyo isiyomsaidia. Juu ya boksi huandikwa wati 5,000, 10,000 au zaidi, zikifuatwa na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika; kila kiwanda hukokotoa kinavyotaka. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu sauti. Kama haikuandikwa, hukisiwa kwa kugeuza sanduku na kusoma kibandiko cha nyuma chenye matumizi ya umeme. Sabufa inayotumia wati 40 haiwezi kutoa wati 40 za sauti mfululizo, kwa sababu sehemu ya umeme huo lazima igeuke joto. Fyuzi nayo ni shahidi mwaminifu: ya nusu ampea kwenye volti 230 hairuhusu zaidi ya wati 115 kupita kwa muda mrefu, hata boksi liseme nini.

Fundi akifungua bamba la nyuma, hesabu inazidi kuwa wazi. Ndani kuna transfoma, kapasita mbili nene za kutuliza umeme, na chipu za amplifaya zilizofungwa kwenye kipande cha aluminiamu cha kupoozea. Mojawapo ya chipu zilizozoeleka ni TDA2030A, ambayo maelezo ya kiwanda yanaitaja kwa takriban wati 18 kwenye spika ya omu 4, ikipewa volti 16 chanya na 16 hasi. Chipu tatu za aina hiyo, moja ya besi na mbili za spika za pembeni, zinafika wati 50 hivi kwa jumla, na hapo ni pale tu transfoma inapoweza kuzilisha zote kwa pamoja. Transfoma ndogo huishiwa nguvu mdundo unapopiga, na sauti inakwaruza. Kwa hiyo uzito wa sanduku ni dalili nzuri ya kilichomo: shaba na chuma cha transfoma, sumaku ya spika, na unene wa mbao.

Wati hizo chache si msiba. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, mabadiliko ambayo sikio huyasikia kidogo. Ili sauti isikike mara mbili kwa ukubwa, nguvu inapaswa kuongezwa karibu mara kumi. Chenye uzito zaidi ni wepesi wa spika wa kuugeuza umeme kuwa sauti. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja, inalingana na ile ya desibeli 84 iliyopewa wati nne. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 za kweli kwenye spika nzuri zinatosha na kubaki.

Kwa nyumba inayotumia sola hesabu ni kali zaidi. Chipu ya kawaida inayolishwa volti 12 pekee haiwezi kuvuka takriban wati 4.5 kwenye spika ya omu 4. Chipu mbili zikifungwa kusukumana, kila moja ikishika upande mmoja wa spika, kikomo kinapanda hadi wati 18. Sabufa inayodai mamia ya wati kwenye betri, bila mtambo wa kupandisha volti ndani yake, inadai kisichowezekana.

Sanduku lenyewe linatawaliwa na kanuni iliyoelezwa na J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani: besi ya chini sana, sanduku dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo havipatikani vyote kwa pamoja. Viwili vikichaguliwa, cha tatu kinapotea. Sabufa ya bei nafuu ina sanduku dogo na amplifaya ndogo, basi kinachopotea ni kina cha besi. Spika yake ya inchi 5 au 6 na tundu la hewa la pembeni hutengenezwa ili kusukuma zaidi sauti za katikati ya besi, mahali ambapo sikio hupata hisia ya mdundo kwa gharama ndogo. Muziki wa dansi unasikika umejaa, lakini mngurumo wa chini kabisa wa filamu haupo. Anayeutaka mngurumo huo hana budi kukubali sanduku kubwa, la spika ya inchi 8 au zaidi. Sanduku la MDF nene linafaa. La plastiki hutetemeka na kuongeza sauti yake lenyewe juu ya muziki.

Idadi ya spika ndogo ni mtego wa pili. Sauti ya njia tano na besi ya pekee ilienea katika sinema kuanzia mwaka 1992 kupitia Dolby Digital, na inahitaji mambo mawili: chanzo chenye njia hizo, na mtambo wa kuzitenganisha. Sabufa nyingi za bei nafuu zenye spika tano zina matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Kinachotoka kwenye spika za nyuma ni nakala ya kinachotoka mbele. Chanzo chenyewe mara nyingi ni king'amuzi kilichounganishwa kwa waya hizohizo za rangi, au filamu iliyotafsiriwa na DJ, sanaa ambayo kapteni wa zamani wa jeshi Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake nchini. Katika filamu hizo sauti ya msimulizi imepandishwa juu ya sauti ya asili. Hakuna cha kuzungusha nyuma ya kochi. Kinachohitajika ni maneno yasikike vizuri kutoka mbele. Kwa bei ileile, spika mbili za mbele zilizotengenezwa kwa uangalifu zinazishinda tano nyepesi bila ubishi.

Spika hizo mbili nazo zichunguzwe. Nyingine zina duara la kung'aa juu linaloonekana kama twita, kumbe ni pambo lililogundishwa. Sikio likisogezwa karibu wakati wimbo unacheza, twita ya kweli inasikika. Spika yenye koni ya inchi 3 haifiki chini vya kutosha, hivyo sabufa inalazimika kubeba hadi hezi 150 au zaidi. Sauti za kiasi hicho sikio linaweza kujua zinatoka wapi, na ndiyo sababu sanduku la seti ya namna hii linapaswa kukaa mbele, karibu na runinga. Likifichwa pembeni, sauti nzito ya mwanamume huonekana kutoka nyuma ya pazia.

Mtumba ni njia nyingine, na kwa mwenye subira ndiyo yenye faida kubwa. Amplifaya ya stereo ya zamani na jozi ya spika za mbao kutoka Uingereza huweza kuishinda seti mpya ya bei ileile. Kinachotoka Japani ni cha volti 100 na cha Marekani ni cha volti 120. Kikichomekwa moja kwa moja kwenye 230 kinaungua. Pembezoni mwa koni, sponji huoza kwa umri na kubomoka kidole kikigusa, lakini mpira hudumu. Mita ya fundi ikiwekwa kwenye ncha za spika ya omu 8 inapaswa kusoma kati ya 6 na 7; isiposoma kitu, koili imekatika.

Chumba kinaamua nusu ya matokeo. Sebule ya mita 3 kwa 4 yenye kuta za matofali huzirudisha besi ndani: kwa upana wa mita 3, sauti ya hezi 57 hujikusanya kwenye kuta mbili na kufifia katikati, hivyo aliyekaa katikati anaisikia hafifu na aliyeegemea ukuta anaisikia kupita kiasi. Dawa yake haina gharama. Sabufa iwekwe juu ya kiti cha msikilizaji, wimbo wenye besi upigwe, kisha mtu atembee akiwa ameinama kando ya kuta. Pale besi inaposikika sawa, bila kuvuma, ndipo sanduku linapohamia. Paa la bati lisilo na dari ni tatizo jingine, maana bati hutetemeka kwa besi, na mvua ikinyesha maneno yanafunikwa. Dari ya jipsamu ina faida zaidi kuliko kuongeza spika. Zulia na mapazia hupunguza mwangwi wa sauti kali, lakini hayaigusi besi.

Waya mwembamba unaokuja na seti, tuseme wa milimita 0.2 za mraba, kwa umbali wa mita 5 una ukinzani wa takriban omu 0.86 kwenda na kurudi. Karibu asilimia 18 ya nguvu inayokusudiwa spika ya omu 4 inapotelea humo. Waya wa shaba wa milimita 1.5, wa kawaida wa umeme wa nyumba, unashusha upotevu huo hadi chini ya asilimia 3.

Jaribio la dukani lifanywe kwa sauti zinazojulikana na mnunuzi. Taarifa ya habari inaonyesha kama herufi s na sh zinasikika bila kuchoma sikio. Rekodi ya litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na sauti nzito inayovuma, inaonyesha kama kila uzi unasikika peke yake au zote zimegeuka mvumo mmoja. Sauti ipandishwe hadi robo tatu na kuachwa dakika kadhaa, huku mkono ukiwa juu ya sanduku kuhisi mtetemo na joto. Duka lisiloruhusu jaribio hilo liachwe.