Kuigawa Programu

Hapa Lubumbashi neno silabasi lina mambo yake: ni yale maandishi ya profesa ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huyatumia kusomea kozi. Lakini karatasi ninayotaka kuisifu mimi huitwa programu, orodha ya vichwa vyote vya masomo. Wizara inaitoa, mwalimu anaikata juma kwa juma katika previzyo zake, yaani mpango wake wa kufundisha, mkaguzi anakuja kuikagua, na mtoto atakayeulizwa yaliyomo mara nyingi haioni hata siku moja.

Mtoto wa dada yangu, fainalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari) wa sayansi kule Katuba, mtaa mmoja wa mji wetu, aliiomba kwa mwalimu wake mwezi wa pili. Akapewa kwa usiku mmoja. Tuliinakili kwa mkono, vichwa tu, na umeme ulipokatika tukawasha mshumaa tukaendelea. Simu ingepiga picha kwa sekunde moja, najua. Lakini kalamu inapopita kwenye kila jina, mtu anasikia palepale ni jina gani limemshtua moyo.

Kisha akaleta makaye yake yote, madaftari ya shule. Kichwa anachokijua, nukta. Alichofundishwa kikampita, duara. Kisichokuwamo kabisa kwenye kaye, akakiacha wazi. Zile nafasi wazi ziliniuma. Hapa walimu waligoma. Pale alirudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, ile ada ya shule. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ulioanzishwa mwaka 1967, hauna mahali pa kuandika sababu kama hizo. Mtoto wa Katuba na mtoto wa Gombe kule Kinshasa wanapimwa kwa programu moja. Ndiyo maana naipenda karatasi hii kuliko kitabu chochote cha mazoezi: inamwonyesha mtoto deni lake wakati bado ana miezi ya kulilipa.

Wanafunzi wengi wanaanza na itemu, yale maswali ya miaka iliyopita, wanayameza kama dawa. Itemu ni mali, sizidharau. Ila anayekariri jibu bila kujua linatoka sura gani, swali likigeuzwa kidogo tu amepotea. Sisi tulichukua kila itemu tukaitafutia kichwa chake kwenye programu. Kichwa kilichokusanya itemu nyingi kikapata siku nyingi. Kazi hii ilitula jioni tatu, na sidhani kama kuna jioni alizojifunza zaidi.

Vichwa vyote ni vya Kifaransa, naye hufikiri kwa Kiswahili cha nyumbani. Kwa hiyo kando ya kila kimoja aliandika swali kwa maneno yake. Kwenye jenetiki: kwa nini ninafanana na nkambo (babu au bibi) kuliko mama? Kwenye namba changamano: nani alihitaji mzizi wa hasi moja, na kwa kazi gani? Kichwa alichoshindwa kukiundia swali, tulijua bado kimefungwa, hata kama alikuwa amekiwekea nukta. Nukta kadhaa zikageuka duara.

Kugawa siku ndiko kunakotaka jicho. Mtihani wenyewe ni siku nne, utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsheni, na insha ya Kifaransa inatangulia. Tukahesabu majuma, tukaondoa Jumamosi za kumsaidia mama yake sokoni na Jumapili za kwaya. Sikumruhusu azifute kwaya. Mpango unaomnyang'anya mtu wimbo wake hauishi mwezi. Saa za giza tukazipa Kiingereza na historia, vitu vinavyosomeka kwa mdomo bila taa. Hesabu zikapata alfajiri. Kila juma la nne tukaliacha tupu kabisa, kwa ajili ya malaria, msiba, mgeni.

Juma tupu la kwanza lililiwa na msiba. La pili na homa. Hakuchelewa hata siku moja.

Ulipofika ule ubaridi wa mwezi wa sita, karatasi ilikuwa imechanika kwenye mikunjo, imeshonwa kwa skochi, na duara zote zimejazwa isipokuwa moja, sura ya integrali. Nilimwuliza kama tuikimbize usiku uliobaki. Akaitazama kwa utulivu, akaandika pembeni kwa penseli, "hii siijui," akaikunja karatasi, akavaa sweta lake akaenda kulala.