Mshona Nyavu wa Mtoni

Mashabiki walimwita Léon Mokuna "Trouet", na inasimuliwa kwamba jina hilo lilimwandama kwa sababu mashuti yake yalitoboa nyavu. Mwaka 1954, mshambuliaji huyo aliondoka Léopoldville kwenda Sporting ya Lisbon. Mwaka 1957 akahamia La Gantoise ya Ubelgiji. Anatajwa kuwa Mkongomani wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Sifa zake ni za mabao. Waliobaki na nyavu zilizochanika hawatajwi popote.

Mtu wa kushona nyavu kama hizo yuko Kisangani, chini ya maporomoko ya Wagenia, mahali maji ya Mto Kongo yanapoanza kutulia. Ni mvuvi. Vijana wa timu za mtaa humletea nyavu za goli, naye huziweka kwenye zamu pamoja na zile za samaki.

Kwanza huutundika wavu kati ya miti miwili, tundu lining'inie wazi. Kisha, badala ya kuziba, hukata. Kwa kisu kifupi huondoa kila uzi uliolika, na tundu linazidi kukua. Mwenye wavu akiwa karibu hushika kichwa. Kumbe anatafuta pa kuanzia: fundo lenye miguu mitatu juu, na jingine la namna hiyo chini, atakapomalizia. Mafundo yote ya katikati huyaachia miguu miwili miwili.

"Papa, si ungeanza tu kushona?" kijana mmoja alimuuliza.

"Kamba itakuonesha fasi," akajibu, bila kuinua macho.

Sindano yake ni ya mti, bapa, imeviringishiwa nailoni. Kwa mkono wa kushoto anashika kibao chenye upana wa nusu jicho la wavu, ili macho mapya yalingane na ya zamani. Sindano hupanda kupitia jicho la juu. Kidole gumba hubana uzi. Kitanzi hurushwa kushoto. Sindano huzunguka nyuma ya miguu miwili na kutokea ndani ya kitanzi. Anavuta. Nailoni huteleza, kwa hiyo hulowanisha fundo kwa mate na kulivuta tena, taratibu, mpaka likae. Akifika ukingoni, hufunga uzi kwenye fundo la pembeni na kurudi upande mwingine.

Wavu wa goli ni wazo la mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, ili kumaliza ubishi kama mpira umepita ndani au nje. Jicho moja kubwa mno lingerudisha ubishi uleule, na mvuvi wetu hupima kila jicho kana kwamba refa amesimama nyuma yake.

Mwisho huingiza ngumi katika kila jicho jipya na kusukuma. Moja likilegea, hulifungua na kulianza upya. Akikabidhi, huwaagiza vijana wasikaze kamba za nyuma: mpira uzame kwanza, ndipo wavu uushike.