Uhakiki wa Mbinu za Kupima Utendaji wa Turbini Ndogo za Upepo za Mhimili Wima: Mfano wa Igoma, Mwanza

Turbini ya mhimili wima husifiwa kwa kupokea upepo kutoka upande wowote bila mkia wa kuigeuza. Sifa hiyo ina uzito Igoma, kata ya Wilaya ya Nyamagana mashariki mwa Jiji la Mwanza, kwa kuwa upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea nchi kavu mchana na kurejea ziwani usiku. Hata hivyo, sifa si kipimo. Sehemu hii inahakiki dosari tatu zinazoweza kuyafanya matokeo ya jaribio yasifae kutumika Igoma.

Dosari ya kwanza inahusu densiti ya hewa. Ukokotoaji wa nguvu ya upepo kwa kawaida huchukua kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, yaani thamani ya usawa wa bahari katika nyuzi joto 15. Mwanza iko takribani mita 1,140 juu ya usawa huo, na katika nyuzi joto 25 densiti yake ni karibu kilo 1.03. Anayetumia thamani ya kwanza huongeza nguvu ya upepo kwa takribani asilimia 19. Akipima ufanisi, huipunja turbini. Akitabiri umeme, humpunja mnunuzi.

Dosari ya pili ni kutegemea wastani wa kasi. Nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Upepo wa mita 2 kwa sekunde kwa saa moja, kisha mita 6 kwa saa inayofuata, una wastani wa mita 4. Kipeo cha tatu cha wastani huo ni 64, ilhali wastani wa vipeo vya tatu vya kasi hizo ni 112. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 61400-12-1 huagiza turbini ndogo zipimwe kwa wastani wa dakika moja moja. Wastani wa mwezi kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza, ulio ufukweni Ilemela, hauzibi pengo hilo.

Dosari ya tatu ni kutumia feni. Mkondo wake ni mwembamba na hujisokota. Kwa rota ya Savonius, feni ikielekezwa kwenye panga linalosukumwa pekee, ukinzani wa panga linalorudi hupungua na ufanisi huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Athari za dosari hizi humfikia mtumiaji. Turbini iliyoandikwa wati 300 katika kasi ya mita 12 kwa sekunde, hata ikidumisha ufanisi uleule, hutoa wati 11 tu katika mita 4. Kiasi hicho chaweza kuwasha taa chache za LED. Hakitoshi kuendesha jokofu la muuza samaki. Kwa hiyo, jaribio linalokusudiwa kumwongoza mkazi wa Igoma halina budi kufanyika Igoma, katika kimo cha paa ambapo turbini itafungwa, usiku na mchana, na kuripoti nishati iliyoingia kwenye betri pamoja na kilele cha wati.