Mkono wa kushoto wa Bill Russell

Kwenye mpira wa kikapu, kuzuia mpira wa mrushaji si kazi kubwa kwa mtu mrefu mwenye hasira. Anaruka, anaupiga kofi, mpira unatua kwa watazamaji, ukumbi mzima unapiga kelele. Kisha refa anawapa wapinzani mpira ule ule, waanze upya. Sasa umepata nini?

Bill Russell wa Boston Celtics hakupenda hasara hiyo. Mara nyingi mpira aliouzuia aliugusa kwa ncha za vidole tu, ukapoteza nguvu hewani, ukaangukia mikononi mwake au mwa mwenzake. Mara mwenzake Bob Cousy keshauchukua, na Celtics wanakimbilia kikapu cha upande wa pili.

Zitazame zile filamu chakavu za miaka ya 1950 na 1960, lakini itazame miguu yake. Hana pupa. Anamwachia mrushaji aruke kwanza, ndipo naye aruke. Sheria hairuhusu kuugusa mpira ukishaanza kushukia kikapu, kwa hiyo ana muda wa kufumba na kufumbua, mpira ukiwa bado unapanda. Tena alikuwa wa mashoto. Warushaji wengi hutumia mkono wa kulia. Mkisimama uso kwa uso, kushoto kwake kuko sambamba na kulia kwako, haimlazimu kupitisha mkono mbele ya kifua chako na kuitiwa faulo.

Na hakuzuia kila mpira. Ujanja wenyewe, kwangu mimi, uko hapo. Alizuia michache, kisha akawa anasogea karibu tu, na mrushaji akaanza kumtafuta yeye kwa jicho badala ya kutazama kikapu.

Mwaka 1957, mchezo wa saba wa fainali ya ligi ya NBA, muda wa kawaida ukikaribia kwisha, Jack Coleman wa St. Louis alipata mpira katikati ya uwanja, njia nyeupe. Russell alikuwa mwisho kabisa wa upande wa pili. Alikimbia uwanja mzima, akamfikia, akauzuia. Celtics walishinda 125 kwa 123 baada ya nyongeza mbili, na huo ukawa ubingwa wa kwanza kati ya 11 alioupata katika misimu 13. Mara mbili za mwisho aliupata akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja, kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA.

Alifariki Julai 2022, na ligi nzima ikaistaafisha jezi yake namba 6. Rebaundi zake zinajulikana: 21,620. Mipira iliyozuiwa ligi ilianza kuihesabu msimu wa 1973-74, naye alistaafu 1969. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyecheza baadaye na kuwatikisia kidole waliothubutu kurusha mbele yake, ameandikiwa 3,289. Mbele ya jina la Russell, safu hiyo ni tupu.