Jamani, Mmeshawahi Kuishika Curta?

Jamani, jamani! Nimeishika Curta kwa mikono yangu miwili, na mpaka sasa siwezi kutulia! Mashine ya hesabu ya chuma, haina betri wala waya, nyeusi tii, nzito kiasi chake, inajaa kiganjani barabara. Ukiiona mezani utadhani kisagio cha pilipili manga. Basi izungushe uone!

Mimi nilianza na saa za mwaka mzima. Unasukuma vitufe vya ubavuni, tk, tk, tk, mpaka 365 itokee. Unazungusha kile kimkono cha juu mara 4. Unanyanyua kichwa cha mashine, unakisogeza nafasi moja, unazungusha mara 2. Chungulia juu: 8760! Nikapiga kelele! Na huo mzunguko, mwenzangu, laini, mtamu, wa kulevya kabisa. Unasikia meno ya chuma yakipokezana tarakimu mle ndani, krrrr, halafu tk! Na bado! Ukitaka kutoa, vuta kimkono juu kidogo tu, kisha zungusha vilevile. Kufuta je? Pete ya juu, kidole kimoja, fyuu, masufuri matupu!

Na aliyeibuni, Curt Herzstark wa Vienna, alimalizia michoro yake akiwa mfungwa katika kambi ya mateso ya Buchenwald. Buchenwald! Wanazi waliposikia habari za mashine hiyo walimwacha aichore, wakiitaka iwe zawadi kwa Hitler vita vikiisha. Vita viliisha 1945, Hitler kafa, Herzstark yu hai na mashine yake kichwani. Nilipokumbuka hayo nikiwa nimeishika, mwili ulinisisimka wote.

Ikaundwa Liechtenstein, kinchi kidogo mno kule milimani, tangu miaka ya mwisho ya 1940. Zilitoka kama 140,000 hivi! Hata wasaidizi wa madereva katika mbio za magari za rali walisafiri nazo, wakipiga hesabu za mwendo gari likirukaruka. Vikokotoo vya umeme vilipoingia mifukoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiwanda kikaacha kuziunda. Hasara iliyoje!

Ukiikuta popote, kwenye makumbusho au kwa mpenzi wa vitu vya kale, usiishie kuitazama. Omba, bembeleza, uizungushe hata mara moja! Ila kimkono kinakwenda upande mmoja tu, kama mshale wa saa, kwa hiyo usikilazimishe kurudi nyuma.