Kuvumiliwa si Kupewa Haki: Maneno Tunayoyachanganya Tunapoitaja Marekani ya Kikoloni

 

Wanazuoni wa Usul wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kanuni hii tunaishika katika Fiqhi, lakini mara nyingi tunaiacha mlangoni tunapopanda mimbari kuzungumzia historia ya wengine. Katika mihadhara na makala zetu imezoeleka kusikia kauli mbili. Ya kwanza husema Marekani iliasisiwa na watu waliokimbia dhulma ili kila mtu awe huru kuabudu. Ya pili husema nchi ile tangu siku ya kwanza haikuwa na kazi ila kuupiga vita Uislamu. Kwa maoni yetu kauli zote mbili ni dhaifu, na udhaifu wake unaanzia kwenye maneno.

Maneno yenyewe

Tuanze na neno "dhehebu". Kwetu sisi madhhab ni njia ya mujtahid katika kuzifahamu dalili. Mshafii husali nyuma ya Mmaliki na wala haoni kuwa ametoka katika jamaa. Katika Uingereza ya karne ya 17 jambo halikuwa hivyo. Kanisa la mfalme lilikuwa sheria ya nchi, na mtu aliyelikataa aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kwa hiyo anayesema kuwa Wapuritani walikuwa "dhehebu" tu, msikilizaji akadhani ni mfano wa Imamu Shafii na Imamu Abu Hanifa, amempoteza bila ya kukusudia.

Kisha kuna "kuvumilia" na "uhuru wa dini". Kuvumilia ni mwenye nguvu kumwachia mnyonge kwa hisani yake, na anaweza kuiondoa hisani hiyo kesho. Uhuru wa dini ni haki ambayo mtawala hana ruhusa ya kuigusa. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa maudhui yetu.

Historia inasema nini?

Kundi lililofika Plymouth mwaka 1620 kwa merikebu ya Mayflower lilitaka kuabudu kwa namna lilivyoamini. Wapuritani waliolifuata, walioanzisha koloni la Massachusetts mwaka 1630, walitaka hivyo hivyo. Lakini hawakuwatakia wengine yale waliyojitakia nafsi zao. Roger Williams, mchungaji aliyesema kuwa serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, walimhukumu kufukuzwa mwaka 1635. Mwaka uliofuata akaanzisha mji wa Providence. Anne Hutchinson naye alifukuzwa mwaka 1638. Waquaker wanne walinyongwa mjini Boston kati ya mwaka 1659 na 1661, miongoni mwao mwanamke aitwaye Mary Dyer. Je, huu ndio uhuru wa kuabudu?

Mfano ulio wazi zaidi ni Maryland. Sheria yake ya mwaka 1649 husifiwa sana kuwa ni sheria ya uvumilivu. Ni kweli iliwapa amani Wakatoliki na Waprotestanti. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa anayekanusha Utatu, au anayekanusha kuwa Nabii Isa (a.s.) ni mwana wa Mungu. Msomaji wetu apime mwenyewe: shahada anayoitamka kila siku ingemfikisha wapi? Tabibu wa Kiyahudi, Jacob Lumbrozo, alishitakiwa kwa kosa la namna hii mwaka 1658, akanusurika kwa msamaha wa jumla.

Pamoja na hayo, uadilifu tulioamrishwa katika Suratul-Maidah, aya ya 8, unatulazimu tuseme na upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1644, Williams alidai kuwa wasiokuwa Wakristo, wakiwemo Waislamu ambao aliwaita Waturuki, waachwe na imani zao. Sheria ya Virginia ya mwaka 1786, iliyoandikwa na Thomas Jefferson, iliondoa ulazima wa kulitegemeza kanisa, na mwenyewe aliandika baadaye kuwa ilikusudiwa kumhusu hata Muislamu. Kwa hiyo ile kauli ya pili nayo inaanguka.

Ndugu yetu Ayuba

Lakini tusisahau kuwa Waislamu walikuwapo katika ardhi ile, wengi wao wakiwa watumwa. Ayuba Suleiman Diallo, mtoto wa nyumba ya elimu kutoka Bundu, alifikishwa Maryland yapata mwaka 1731. Alipokwenda msituni kusali, kijana wa kizungu alimfanyia kejeli na kumrushia uchafu usoni. Baada ya kutoroka na kukamatwa ndipo bwana wake alipompa mahali pa kusalia. Hiyo ndiyo maana ya kuvumiliwa: sala yake ilitegemea moyo wa mtu aliyemnunua. Baadaye alikombolewa, akarejea kwao.

Wala tusifiche kuwa Ayuba mwenyewe alitekwa baada ya kutumwa na baba yake kwenda kuuza watu wawili. Historia haisomwi kwa jicho moja.

Na nyumbani kwetu

Wapo miongoni mwetu wanaoandika kuwa dola za Kiislamu zilikuwa na "uhuru wa dini" kwa maana inayokusudiwa leo. Hapa nako tunachanganya. Fiqhi inazungumzia dhimma, nayo ni mkataba: ulinzi wa nafsi, mali na maabadi, kwa jizya na masharti. Ni zaidi ya hisani, kwa sababu haki zake zinadaiwa mbele ya kadhi. Lakini pia si usawa wa raia wote mbele ya sheria. Tuuite kwa jina lake. Suratul-Baqarah, aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini, na haihitaji kusaidiwa na historia iliyopambwa.

Nasaha yetu kwa maimamu na wanafunzi ni hii: kabla ya kusifu au kulaumu, ulizeni sheria ilisema nini, ilimhusu nani, na ilimwacha nani nje. Anayepunja mizani kwa adui yake hataaminiwa anapompimia rafiki yake.

Wallahu A'lam.